Jinsi ya Kukagua Zabuni ya Kaunti Mtandaoni

Nchini Kenya, mfumo wa ununuzi wa umma wa kielektroniki umeziba mwanya mmoja mkubwa, kwa kuwa mzabuni wa Kisumu anayetuma zabuni yake mtandaoni hahofii tena bahasha kupotea au kufunguliwa kabla ya wakati. Hata hivyo, kompyuta hutunza kile ilichopewa tu. Katika kashfa ya Huduma ya Vijana kwa Taifa iliyolipuka mwaka 2015, malipo yenye utata ya shilingi milioni 791 yalipitia IFMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kusimamia fedha, ambao ulitarajiwa kuyazuia. Kwa hiyo, chunguza hasa yaliyoandikwa kabla ya zabuni kufunguliwa na yaliyobadilishwa baada yake.

Anza kwenye tenders.go.ke, tovuti ya serikali ya zabuni za umma. Pakua hati nzima ya zabuni, wala usitosheke na tangazo, kisha usome vigezo vya kiufundi bila haraka, kwa maana hapa ndipo zabuni hushonwa kwa kipimo cha mtu. Chukulia kwamba kaunti inanunua pampu moja ya maji kwa ajili ya Nyakach. Hati ikitaja chapa moja, au ikidai uzoefu wa miaka 12 kwa kazi ya siku mbili, jiulize ni nani aliye na sifa hizo. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 hukataza kutaja chapa, isipokuwa pale ambapo hakuna namna nyingine ya kueleza hitaji. Kipimo cha ajabu, kama upana wa milimita 437 usio na sababu, nacho kinatia shaka. Huenda kimenakiliwa kutoka kwa brosha ya muuzaji.

Mzabuni aliyeona dosari ana siku 14 tu za kuwasilisha ombi kwa bodi inayosikiliza malalamiko ya ununuzi wa umma.

Baada ya mshindi wa zabuni kutangazwa, linganisha bei iliyoshinda na kiasi kilicholipwa. Sheria hairuhusu mabadiliko yote ya kandarasi kwa jumla kuongeza bei kwa zaidi ya asilimia 25, na zabuni iliyoshinda kwa bei ya kutupa ndiyo ya kufuatiliwa zaidi, kwa maana huenda bei hiyo ikapandishwa baadaye kupitia mabadiliko hayo. Mfumo hauoni kama pampu imefika. Nenda Nyakach ukaitazame. Kisha uombe kwa maandishi nakala ya kandarasi na cheti cha kupokea bidhaa, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Siku 21 zikipita bila jibu, peleka barua yako kwa Tume ya Haki ya Utawala.