Kupima aseniki: chupa kwanza, kemikali baadaye

Mtu akiniletea maji na kuniambia "nipimie aseniki", namuuliza kwanza: uliyachota lini, na ulitia nini ndani? Aseniki ni sumu ambayo kwenye maji haina rangi, harufu wala ladha, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Kwa kiwango kidogo hivyo, jibu huharibika kabla hujafika maabara.

Maji ya kisima yenye chuma ndiyo yanayodanganya wengi. Yakikaa, chuma hugeuka tope la kutu, likazama pamoja na aseniki iliyong'ang'ania humo. Ukipima maji ya juu unaambiwa ni safi. Kwa hiyo tia asidi palepale kisimani mpaka pH ishuke chini ya 2. Sampuli ikienda kwenye mashine ya ICP-MS (inayotambua elementi kwa uzito wa atomi zake), tumia asidi ya nitriki. Kwa kipimo cha Gutzeit, kinachogeuza aseniki kuwa gesi inayoacha doa kwenye karatasi, tumia hidrokloriki, maana nitriki huvuruga utokaji wa gesi hiyo.

Gutzeit ni kipimo cha zamani, na bado nakipenda. Tia sampuli kwenye chupa ya kipimo, ongeza asidi ya hidrokloriki, potasiamu ayodaidi na kloridi ya bati, kisha subiri kama robo saa. Wenye haraka huruka hapa. Aseniki ya hali ya tano (hali ya oksidisho +5) ni mvivu kutoa gesi, lazima kwanza ishushwe iwe ya hali ya tatu. Ndipo utie zinki na kufunga chupa upesi. Hidrojeni inayotoka hubeba aseniki ikiwa gesi ya arsini, ikapita kwenye pamba iliyolowekwa asetati ya risasi, ikaishia kwenye karatasi yenye bromaidi ya zebaki. Doa huanza njano hafifu na kuelekea kahawia kadiri aseniki inavyozidi. Tazama na pamba: kazi yake ni kunasa salfaidi, na ikiwa nyeusi mpaka juu, doa hilo usiliamini. Weka pamba mpya, urudie.

Arsini huua kwa kupasua chembe nyekundu za damu. Fanyia kazi chini ya kabati la kufyonza hewa, na karatasi zilizotumika usizitupe na taka za kawaida, zina zebaki.

Kila mara pima pia maji yaliyotoneshwa, kwa kemikali zilezile. Zinki yenyewe huweza kuwa na aseniki. Doa likijitokeza hapo, matokeo yote ya siku hiyo hayana maana.

Ukipima mtu badala ya maji, mkojo una mambo yake. Ni bora kuliko damu, kwa kuwa aseniki huondoka kwenye damu upesi. Nywele na kucha zinafaa kwa yaliyopita miezi ya nyuma. Muulize mgonjwa kama amekula samaki au viumbe vingine vya baharini, kwani vina asenobetaini, ambayo haidhuru lakini hupandisha jumla ya aseniki. Aache kwa siku 3 au 4 ndipo atoe sampuli, au aombe maabara itenganishe aina za aseniki. Ukipokea namba za ICP-MS, uliza pia walishughulikiaje kloraidi: ikiungana na agoni, gesi inayotumiwa na mashine hiyo, huwa na uzito wa 75, sawa na aseniki yenyewe, na mkojo umejaa chumvi.