Jinsi ya kutengeneza Lancia Delta ya Safari Rally kwa bati na waya, hapahapa Tanga

Wadau wa magari ya waya na bati, najua wengi wetu tumezoea mabasi na malori, na ni kazi nzuri, ila leo nataka niwaelekeze gari ambayo mi naona inastahili kutengenezwa kwa heshima zote. Ni Lancia Delta HF Integrale ya Waitaliano, ile iliyoshinda Safari Rally, mashindano ya magari hapo jirani Kenya, mwaka 1988 na 1989 ikiendeshwa na Miki Biasion pamoja na msoma ramani wake Tiziano Siviero, alafu ikashinda tena 1991 na Juha Kankkunen wa Finland.

Kwanini hii? Sababu Lancia walihangaika sana na Safari. Walikuja na Stratos yao, gari iliyowapa ubingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo 1974 mpaka 1976, injini yake ya Ferrari, na bado hapa Afrika Mashariki dereva wao Sandro Munari akaishia wa pili 1975 na wa tatu 1977. Kwahiyo ile 1988 gari iliyofanikisha ilikuwa ni Delta, gari ya milango mitano ya kupeleka watoto shule, iliyochorwa na Giugiaro ikatoka kiwandani 1979. Na sababu ya gari ya kawaida kuingia kwenye rally kubwa namna ile ni kwamba mwaka 1986 dereva Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walifariki kule Corsica wakiwa kwenye Lancia Delta S4, yale magari ya Grupu B, daraja la magari yenye nguvu kupita kiasi, yakapigwa marufuku, ikabaki Grupu A, daraja ambalo kiwanda lazima kitengeneze magari 5,000 ya kuuzia watu ndio kiruhusiwe kushindana. Lancia wakachukua Delta, wakaiwekea turbo na kuvuta matairi yote manne, wakabeba ubingwa wa watengenezaji kuanzia 1987 hadi 1992 bila kuachia hata mwaka mmoja.

Kwa fundi bati hiyo ni habari njema, kwa sababu umbo lake limenyooka, mistari tu na kona, halina yale mabonde mabonde ya magari ya siku hizi ambayo kwa mkasi wa bati huwezi kuyapata hata ufanyeje.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujashika bati chagua gari moja ya mwaka mmoja na uishike hiyohiyo mpaka mwisho. Hili nalisisitiza sana maana naona watu wanachukua boneti ya mwaka huu, ngao ya mwaka ule, rangi ya rally nyingine kabisa, mwisho inatoka gari ambayo haijawahi kuwepo duniani. Mi nashauri uanze na ya 1988 au 1989, ile yenye injini ya valvu 8, boneti yake iko bapa kwahiyo ni rahisi. Tafuta picha ya ubavuni, ya mbele na ya nyuma, ziprinti stesheneri yoyote pale Ngamiani, usitegemee kuangalia kwenye simu huku mikono ina lehemu.

Vipimo tunagawa kwa 10, hesabu inakuwa nyepesi. Gari halisi ina urefu wa milimita 3,900, upana 1,700, kimo 1,380, na kutoka katikati ya tairi ya mbele hadi katikati ya tairi ya nyuma ni 2,480. Kwahiyo yako itakuwa sentimita 39 kwa 17 kwa 13.8, na ekseli zikae sentimita 24.8 kati yake. Hapo kwenye kimo kuwa makini, 13.8 inahesabiwa kuanzia ardhini mpaka juu ya paa, usije ukakata bodi yenye kimo hicho alafu ukaongeza matairi chini. Na gari za Safari zilinyanyuliwa zaidi ya zile za lami, kwahiyo acha uwazi wa kama sentimita 3 chini ya tumbo, ikizidi 14 kidogo kwa jumla ni sawa kabisa.

Chora kila upande kwenye boksi gumu kwanza, kata, unganisha kwa selotepu, iweke mezani uiangalie kwa mbali. Hapa ndio pa kutumia muda. Kioo cha mbele kikilala sana au kikisimama sana gari yote inabadilika sura, na kwenye boksi unarekebisha kwa shilingi sifuri. Ukiridhika ndio unafumua vipande unavitumia kama patani juu ya bati.

Bati zuri ni la debe la lita 20, ukilikata mshono na ukalifumua unapata karatasi moja ndefu ya kama sentimita 90, kwahiyo ule urefu wa 39 unaingia bila kuunga. Mikunjo ya zile kona za debe igonge taratibu juu ya kipande cha mbao kwa nyundo ya mpira, ukitumia nyundo ya chuma bati linatanuka na halitakaa bapa tena. Kama debe hulipati, mafundi wanaotengeneza vibatari na majiko huwa na mabaki, omba jembamba. Unapokata acha nusu sentimita ya ziada kwenye kila ukingo ya kukunja ndani, ukingo mkali unakata vidole na pia bati lililokunjwa linakuwa gumu, halitikisiki. Vaa glavu.

Chesisi tengeneza kwa waya mnene, hanga za nguo za chuma zinatosha, mstatili mmoja na viunga viwili vya kukatisha, funga kwa bainding waya kisha piga lehemu. Ekseli ni spoku ya baiskeli. Matairi kata kwenye kandambili zilizochoka, kipenyo sentimita 6, soli moja haitoshi upana kwahiyo gundisha mbili mpaka upate kama sentimita 2, alafu zungusha kwenye msasa mpaka zikae duara sawa, tairi ikiwa na pembe hata kidogo gari itaruka kama mbuzi. Ringi ni za bati, zipake nyeupe.

Ekseli ya mbele iache izunguke kwenye msumari mmoja wa katikati, unganisha na fimbo ndefu ya usukani kama magari yetu ya siku zote. Ila ndani ya gari weka usukani mdogo kushoto, Integrale zote zilitoka kiwandani na usukani kushoto, na ukiuweka kulia kama magari yetu mtu anayeijua ataona palepale.

Madigadi ndio yanayotofautisha Integrale na Delta ya kawaida, yamevimba juu ya kila tairi. Usijaribu kuyagonga kutoka kwenye ubavu uleule, kata vipande vinne pembeni, vikunje, ndio uvishike kwa lehemu. Safisha sehemu ya kuunga kwa msasa, pitisha asidi kidogo, pasha bati lenyewe lipate moto, lehemu itakimbia yenyewe kuingia kwenye mshono. Ukiyeyushia lehemu juu ya bati la baridi inakaa kama donge na siku ya kwanza barabarani linang'oka. Fanyia nje kwenye upepo, ule moshi sio wa kuvuta, na watoto wakae mbali.

Usoni weka taa nne za duara, vifungo vya shati vyeupe vinafaa, vizibo vya soda ni vikubwa mno kwa kipimo hiki. Katikati ya grili kuna nembo ndogo ya Lancia yenye umbo la ngao. Kama mkono wako umetulia chora na ile nembo ya HF yenye tembo anayekimbia, inapendeza sana kuona tembo kwenye gari iliyoshinda huku kwetu.

Vitu vya Safari sasa. Ngao kubwa ya chuma mbele, itengeneze kwa waya wa hanga na uifunge kwenye chesisi, sio kwenye bampa, maana ndio itakayopokea kila kigongo. Alafu zile taa mbili za ziada juu ya madigadi ya mbele karibu na kioo, hizi usizisahau. Barabara za Safari enzi hizo hazikufungwa, kulikuwa na mifugo, wanyama pori, baiskeli na watu wa kawaida, na mashindano yalikuwa zaidi ya kilomita 4,000, kwahiyo taa ziliwekwa juu ili gari ionekane ikiwa mbali na kwenye vumbi, na helikopta ya timu ilitangulia juu kuangalia njia. Nyuma ya matairi ning'iniza vipande vya tyubu ya baiskeli vya kuzuia tope. Vioo ni chupa ya maji iliyonyooshwa.

Rangi kwetu Tanga inataka akili, chumvi ya bahari inaanza kula bati hata kabla hujamaliza, hasa mkiwa Raskazone au Sahare. Futa kwa thina, usishike tena kwa mikono mitupu, piga praima ndani na nje siku hiyohiyo, na piga rangi mchana wa jua, jioni unyevu ukishuka rangi inafifia na kuwa na ukungu. Nyeupe kwanza tabaka mbili nyembamba, iache ikauke mpaka kesho yake, ndio uweke michirizi ya Martini, waliokuwa wadhamini wa timu, bluu iliyoiva, bluu ya anga na nyekundu, kwa tepu ya karatasi. Vua tepu rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ikikauka kabisa inang'oka nayo.

Ukishaiweza hiyo, patani zako zitunze, maana gari ya Kankkunen ya 1991 unaitoa humohumo. Hiyo ni ya valvu 16, injini yake ilikuwa ndefu kwenda juu kwahiyo boneti ina uvimbe katikati, kata boneti mpya kubwa kidogo, igonge taratibu kwa upande wa ndani juu ya mfuko wa mchanga mpaka ivimbe, alafu ndio ukate kingo ziwe sawa na za zamani.