Somo: Kuhudhuria warsha ya kimataifa ya mbinu za utafiti ukiwa mwanafunzi wa uzamivu

Kila msimu wa maombi unapokaribia huletewa maswali yale yale: niombe wapi, niandike nini, viza huchukua muda gani, niende na data zipi. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo naweka maelezo yote hapa. Atakayeuliza jambo lililokwisha kuandikwa nitamtajia namba ya hatua tu.

Hatua ya 1: Hakikisha wakati umefika. Mwanafunzi ambaye bado hajajua swali lake la utafiti atarudi na daftari lililojaa majina ya mbinu asizojua azitumie wapi, na aliyebakiza miezi michache awasilishe tasnifu atagundua kasoro ambazo hana tena muda wa kuzirekebisha. Wakati unaofaa ni pale pendekezo lako limekwisha kukubaliwa na data zimeanza kupatikana, au hojaji iko tayari lakini bado inaweza kubadilishwa.

Hatua ya 2: Chagua kozi, usichague jiji. Programu ya kiangazi ya ICPSR, muungano wa vyuo unaohifadhi data za sayansi ya jamii, katika Chuo Kikuu cha Michigan imekuwapo tangu 1963, na ile ya Chuo Kikuu cha Essex tangu 1968; zote mbili zinajulikana zaidi kwa uchanganuzi wa data za kitakwimu. IQMR ya Chuo Kikuu cha Syracuse huwafaa wanaofanya utafiti wa kitaamuli, yaani wa maneno na maelezo badala ya namba, au wanaochanganya mbinu, GESIS, taasisi ya sayansi ya jamii ya Ujerumani, ina kozi za utafiti wa hojaji, na ECPR, muungano wa Ulaya wa utafiti wa siasa, huwahudumia hasa wanafunzi wa sayansi ya siasa na taaluma jirani. Soma muhtasari wa kozi mpaka mwisho, hasa sehemu inayoeleza unachotakiwa kukijua kabla ya kufika. Ikiwa imeandikwa kwamba mshiriki awe anaielewa rigresheni (hesabu ya kukadiria jinsi jambo moja linavyohusiana na mengine), jipime kwa kumweleza mtu mwingine, bila kufungua kitabu, maana ya kila namba katika jedwali la matokeo. Ukishindwa, omba kozi ya ngazi ya chini, na wala hakuna aibu katika hilo.

Hatua ya 3: Andika maelezo ya maombi kuhusu tatizo lako, si kuhusu ndoto zako. Sentensi kama «napenda kupanua ujuzi wangu wa takwimu» haimwambii msomaji lolote, kwa kuwa kila mwombaji anaweza kuiandika. Linganisha na hii: «Wanafunzi niliowapima wamo ndani ya madarasa, na madarasa yamo ndani ya shule, lakini shule zenyewe ni 12 tu, sina hakika kama modeli ya ngazi nyingi inafaa kwa idadi ndogo kiasi hicho.» (Modeli ya ngazi nyingi ni ile inayohesabu kwa pamoja tofauti za wanafunzi, za madarasa na za shule.) Mkufunzi akisoma hiyo anajua papo hapo kama kozi yake itakusaidia. Msimamizi wako naye ayapate maelezo hayo kabla hujamwomba barua ya utambulisho, ili barua yake na maelezo yako yasipingane.

Hatua ya 4: Fedha na viza. Omba msamaha wa ada kabla ya kulipa chochote, kwa sababu baada ya malipo maombi hayo kwa kawaida hayasikilizwi. Kwa nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, ingawa unaweza kufika siku 45, kwa hiyo atakayesubiri wiki za mwisho asimlaumu mtu. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 au zaidi baada ya tarehe ya kuondoka katika nchi hizo. Barua ya mwaliko itaje jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za kozi, na nani anagharimia nini.

Hatua ya 5: Data. Hapa naomba usome polepole, kwa maana ndipo safari nyingi huharibikia.

Swali la kwanza haliihusu kompyuta hata kidogo, linahusu kibali. Fomu ya ridhaa waliyoisaini washiriki wako inasema nani ataziona data zao? Ikiwa imeandikwa kwamba zitaonwa na mtafiti na wasimamizi wake tu, basi kuzifungua mbele ya darasa la watu usiowajua ni kuvunja ahadi uliyoitoa, hata kama hakuna atakayekushtaki. Iandikie kamati ya maadili mapema, eleza kwamba unataka kupeleka sehemu ya data kwenye mafunzo, na subiri jibu la maandishi. Onyo: kubadilisha majina peke yake hakutoshi. Chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, data ambazo majina yake yamebadilishwa lakini bado upo ufunguo wa kumrudia mhusika (orodha inayoonyesha jina lipi la bandia ni la nani) huhesabiwa kuwa data binafsi kama zilivyokuwa mwanzo. Onyo la pili: ufunguo huo usisafiri nawe kabisa. Uache mahali salama chuoni, na faili unazozibeba zilindwe kwa usimbaji fiche, kwani nywila ya kuwashia kompyuta pekee si kinga ya kutosha.

Baada ya kibali ndipo uje upunguzaji. Usibebe data zote. Darasani utahitaji sehemu ndogo iliyosafishwa: vigeu vichache (mambo uliyoyapima, kama umri au alama) vinavyogusa swali lako, na jedwali linaloeleza kila kigeu ni nini, kilipimwaje, na thamani zinazokosekana zimeandikwaje. Jambo hili la mwisho hupuuzwa mno. Mtu ambaye hojaji yake imeandika 99 mahali pa «hakujibu», kisha akaiacha 99 hiyo ihesabiwe kama umri wa miaka 99, atapata wastani wa ajabu, na saa nzima ya mkufunzi itaishia kutafuta kosa ambalo halina uhusiano wowote na mbinu inayofundishwa. Kama una mahojiano, nakala mbili au tatu zinatosha. Kama kibali hakikupatikana, tumia data zilizo wazi kwa umma zenye muundo unaofanana na wako. Afrobarometer na World Values Survey, ambazo ni tafiti za maoni ya watu, zote hutoa data zao kwa watafiti bila malipo.

Hatua ya 6: Sakinisha programu za uchanganuzi na vifurushi vyake vya nyongeza vyote ukiwa nyumbani, kisha uendeshe mfano mmoja mpaka mwisho.

Hatua ya 7: Darasani, uliza katika siku za mwanzo. Muda wa mkufunzi wa kuonana na mshiriki mmoja mmoja hujaa haraka, na wanaosubiri siku ya mwisho hupewa dakika za kusimama mlangoni.

Hatua ya 8: Ukirudi, rudia uchanganuzi kwa data zako kamili kabla wiki haijaisha, na uandike rasimu ya sehemu ya mbinu katika tasnifu huku sababu za kila uamuzi zikiwa bado kichwani.

MASWALI YA WANACHAMA

Kalamu_Nyeusi: Ahsante kwa somo. Naomba unitumie maelezo yako ya maombi niyatumie kama kielelezo, nitabadilisha tu jina na mada.

Mwandishi: Hapana. Soma Hatua ya 3 uone kwa nini hayatakufaa.

Msafiri_Mpya: Warsha yangu inaanza baada ya wiki 2, ni Ulaya. Je, viza nitaiwahi?

Mwandishi: Hatua ya 4. Waandikie waandaaji leo uwaulize kama kuna nafasi ya kushiriki kwa njia ya mtandao, au kama nafasi yako inaweza kuhamishiwa mwaka ujao.

Tumbuu: Mwalimu, shikamoo. Huo mfano wa shule 12 ndio hali yangu hasa, ila zangu ni 9. Ninachotaka kujua ni athari ya mafunzo ya walimu kwa alama za wanafunzi, na mafunzo hayo yalitolewa kwa shule nzima nzima. Nimesoma kwamba niweke kila shule kama kigeu chake chenyewe niachane na ngazi nyingi. Je, ni sawa?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri, na limekaribia jibu lake lenyewe. Ukiipa kila shule kigeu chake, tofauti zote zilizopo baina ya shule zitamezwa na vigeu hivyo, na kwa kuwa mafunzo yalitolewa kwa shule nzima, athari yake nayo itamezwa humo humo, hutaweza kuikadiria. Njia hiyo inamfaa yule ambaye swali lake liko ndani ya shule, kama vile tofauti ya wavulana na wasichana wa shule moja. Kwako wewe modeli ya ngazi nyingi inabaki kuwa na maana, lakini kwa shule 9 ukadiriaji wa tofauti baina ya shule huwa dhaifu, na makosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa makadirio) hutoka madogo kuliko yanavyostahili. Nenda darasani na maswali mawili: la kwanza kuhusu ukadiriaji wa REML pamoja na marekebisho ya Kenward na Roger, ambavyo hutumika kupunguza kasoro hizo pale makundi yanapokuwa machache, la pili kuhusu njia ya Bayes, inayochanganya data na ulichokijua kabla yake, na jinsi ya kutetea taarifa za awali utakazoziweka. Uulize pia, bila kuogopa, kama shule 9 zinatosha kubeba dai lako. Huenda jibu likawa hazitoshi, na ni afadhali ulisikie huko kuliko mbele ya watahini.

Tumbuu: Nimeelewa. Nitayaandika hayo mawili katika maombi yenyewe.

Jiwe_la_Pembeni: Sioni haja ya gharama zote hizi. Kozi za bure mtandaoni zimejaa, na mbinu ni zile zile.

Mwandishi: Mihadhara ni ile ile, nakubali, na mtu ambaye shida yake ni mihadhara abaki mtandaoni. Sikuandika popote kwamba kila mtu lazima asafiri. Nilichokiandika, ukisoma Hatua ya 3 na ya 7, ni kwamba unaenda kuweka tatizo lako mbele ya mtu aliyeona mengi yanayofanana nalo. Hilo video haikupi.

Sauti_ya_Chini: Utafiti wangu ni wa mahojiano na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Hata nikiondoa majina, mtu anayeijua sekta hii atamtambua msemaji kwa cheo chake na matukio anayoyataja. Je, nisiende na nakala kabisa?

Mwandishi: Usiende nazo, na nakupongeza kwa kuliona hilo kabla ya safari. Kinachofundishwa katika kozi ya aina yako ni namna ya kutoka kwenye maneno ya msemaji hadi kwenye msimbo (jina fupi la wazo lililomo katika maneno hayo), na kutoka kwenye msimbo hadi kwenye hoja. Kwa hiyo beba orodha yako ya misimbo, maelezo ya kila msimbo, na kumbukumbu zako za mahali uliposita kati ya misimbo miwili. Pale utakapohitaji maneno yenyewe, tunga kifungu kinachofanana na ulichokisikia bila kukinukuu, na utangaze wazi kwamba ni cha kutunga. Kifungu hicho kisiingie katika tasnifu kamwe.

Mpiga_Mstari: Naongezea kwa ruhusa ya mwandishi. Walio katika vyuo vinavyohesabu krediti waulize mapema kama cheti kitataja ECTS, mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya. Krediti 1 ni saa 25 hadi 30 za kazi, na mara nyingi krediti hizo hutolewa kwa aliyefanya zoezi la mwisho, si kwa aliyehudhuria tu.

Mwandishi: Nyongeza nzuri, ndugu. Na zoezi hilo lifanyeni kwa data zenu ikiwa mkufunzi anaruhusu.

Kalamu_Nyeusi: Sawa, nimesoma Hatua ya 3. Swali lingine: lugha ya darasa hunipita wakizungumza haraka. Je, nirekodi vipindi?

Mwandishi: Hili ni swali la haki. Omba ruhusa kwa mkufunzi kabla ya kipindi cha kwanza, kwa sababu washiriki wengine huonyesha data zao darasani, na sauti zao nazo zinahitaji ridhaa. Akikataa, muombe slaidi jioni iliyotangulia, uzisome na uweke alama kwenye istilahi usizozijua, kisha kaa karibu na mshiriki mwenye mada inayokaribiana na yako ili mlinganishe madondoo wakati wa mapumziko.