Usihesabu Milimita Tu, Hesabu na Siku za Mvua

Mkulima wa eneo kame akiniuliza kama mvua zimepungua, nami humuuliza: zimepungua milimita, au zimepungua siku? Hayo ni maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake.

Tazama Sahel, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara. Huko mvua hunyesha msimu mmoja tu, takribani Juni hadi Septemba, zikiletwa na pepo za monsuni kutoka Ghuba ya Guinea. Miaka ya 1950 ilikuwa ya neema. Ya 1970 na 1980 ikaleta ukame uliomaliza mifugo na kuhamisha vijiji, chanzo kikubwa kikiwa mabadiliko ya joto la bahari. Tangu miaka ya 1990 jumla ya mvua imepanda tena kiasi, na anayetazama jumla peke yake atadhani mambo yametengemaa. Bado. Vipimo vya satelaiti vinaonyesha kuwa dhoruba kali za Sahel zimekuwa nyingi mara tatu tangu 1982. Maji ni mengi, ila huja kwa kishindo, kisha jua likakaa.

Milimita 10 za mvua kwenye hekta moja ni lita 100,000. Zikinyesha taratibu, ardhi inazinywa. Zikimwagwa kwa dakika chache juu ya udongo mtupu, matone huusaga udongo, unafanya ukoko, na maji yanateremka bondeni na samadi yako. Kwa hiyo kazi kubwa ya mkulima siku hizi ni kuyasimamisha maji pale yalipoangukia.

Mimi nayaamini zaidi mashimo ya zai, yaani vishimo vya kupandia vinavyokinga maji ya mvua. Yacouba Sawadogo, mkulima wa kaskazini mwa Burkina Faso, aliyaboresha mashimo hayo ya jadi kwa kuyapanua na kuyatia samadi, na ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu ikaota mtama na hata msitu. Chimba wakati wa kiangazi, kabla ya mawingu: upana wa sentimita 20 hadi 40, kina cha 10 hadi 20, udongo uliotoka uuweke upande wa chini wa mteremko. Tia konzi mbili tatu za samadi iliyooza. Mchwa watakuja, na usiwafukuze, kwani vijia vyao ndivyo vinavyopeleka maji chini. Ni kazi ya kuvunja mgongo, sitakuficha, basi anza na kipande kidogo. Penye mawe, yapange mistari kukingama mteremko.

Upandaji nao unataka subira. Manyunyu ya kwanza yameponza wengi: mbegu inachipua, halafu wiki mbili hakuna tone. Chimba kwa jembe uone unyevu umefika wapi. Usipofika kina cha kiganja, ngoja. Chagua mtama au uwele unaokomaa mapema, na usipande mbegu yote. Bakiza ya kurudishia.

Halafu weka kipimamvua shambani, mahali pa wazi mbali na miti, na daftari. Kila asubuhi saa ileile andika milimita, hata kama ni sifuri. Sifuri zinazofuatana wakati mtama unatoa maua ndizo zitakazokueleza kwa nini mavuno yalikuwa haba mwaka ambao majirani walisema mvua ilikuwa nzuri.