Kung'oa ukoko sugu wa chokaa kwenye boila ya mashine ya espresso

Ukoko ukishakuwa mnene kama ganda la yai, usipitishe dawa ya kuondoa chokaa kwenye mashine iliyofungwa. Asidi humomonyoa vipande kabla ya kuviyeyusha, navyo hukimbilia kwenye jeti (kitundu cha kupitishia maji) na vali ya solenoidi (vali inayoendeshwa na umeme), penye matundu membamba. Mashine iliyokuwa ikitoa maji kwa shida huziba kabisa. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji, ya namna hiyo hufunguliwa.

Chomoa umeme, acha ipoe, toa presha yote kwa bomba la mvuke, kisha mwaga maji. Piga picha nyaya kabla ya kuzichomoa. Bolti za elementi, yaani chuma cha umeme kinachopasha maji, zikigoma, weka mafuta ya kulegeza kutu na usubiri hadi kesho yake. Bolti ikikatikia ndani, kazi imekuwa nyingine.

Changanya gramu 50 za asidi ya sitriki, yaani chumvi ya limau, kwa kila lita 1 ya maji vuguvugu. Usichemshe. Kwenye joto kali, asidi na chokaa hutengeneza unga mweupe mgumu kuyeyuka, ukang'ang'ania palepale ulipokuwa ukoko. Loweka boila ya shaba au chuma cha pua pamoja na elementi, ila ncha za elementi zinazoshika nyaya zibaki juu, kavu. Alumini usiiloweke humu, italiwa.

Sasa tega sikio: ukoko huchemka taratibu kama soda iliyofunguliwa. Povu likikoma baada ya dakika 20 au 30 na ganda bado lipo, asidi imeisha nguvu. Mwaga, weka mpya. Mara mbili tatu ni kawaida. Bisibisi isiguse humo, tumia brashi ya plastiki. Maji yakikolea rangi ya bluu, shaba imeanza kuliwa, toa boila.

Kijiti cha kupimia kina cha maji kisugue hadi king'ae. Wengi hukisahau, na hapo ndipo taabu inaporudi: kikiwa na ganda hakipitishi umeme, mashine hudhani boila ni tupu na kuijaza kupita kiasi.

Suuza mara tatu. Mara ya pili weka kijiko 1 cha chai cha magadi ya kuokea kwa lita. Funga kwa gasketi (kizibo cha kuzuia uvujaji) mpya, ukikaza bolti kwa kukingamisha, moja kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo. Jaza boila kwanza ndipo uwashe, kwani elementi ikiwaka kavu huungua. Mvuke wa kwanza elekeza kwenye ndoo. Ukinusa uchachu, suuza tena.