Somo: Kupanga jiko la mbao la mtindo wa miaka ya 1950 kwa familia inayopenda wageni

Jiko la mtindo huu unalitambua mara moja: milango bapa ya mbao isiyo na nakshi, mistari mirefu ya mlalo, miguu myembamba, taa iliyoshuka karibu na meza. Vyote hivyo vinanunulika. Lakini kama mpishi bado anawapa wageni mgongo, au anapika peke yake nyuma ya mlango huku wenzake wakicheka sebuleni, jiko hilo hujalipata.

Wasanifu wengi wa kati ya 1945 na mwishoni mwa miaka ya 1960 walianza kwa kuondoa ukuta. Nyingi ya nyumba zilizojengwa na Joseph Eichler huko California zina jiko lililofunguka kwenye chumba ambamo familia inakula na watoto wanacheza. Ndiyo maana hapa tunaanza na mpangilio, tunakwenda kwenye mbao, kisha taa. Rangi na viti vinakuja mwisho kabisa, na tumefanya hivyo kwa makusudi.

Hatua ya 1: Pima chumba

Pima kila ukuta mara tatu: karibu na sakafu, usawa wa kaunta na usawa wa makabati ya juu. Kuta huwa hazinyooki. Tumia kipimo kidogo kuliko vyote. Weka alama za madirisha, mabomba, soketi na upande ambao kila mlango unafungukia. Chora kwa kipimo cha 1:20, yaani mita 1 ya chumba iwe mm 50 kwenye karatasi. Kisha bandika utepe wa karatasi sakafuni kufuata mchoro, na mwambie mtu apite na sinia lililojaa huku mtu wa pili ameinama kama anayefungua oveni. Kasoro ya njia nyembamba inaonekana hapo kabla hujakata ubao wowote.

Hatua ya 2: Mgeuze mpishi awatazame watu

Njia rahisi ni kaunta iliyotoka ukutani kama ulimi kuelekea upande wa wageni. Sinki na sehemu ya kukatia viwe kwenye ulimi huo, jiko la moto libaki ukutani. Wapo wanaofanya kinyume. Hatushauri: mafuta yanarukia walioketi mbele, na kutoa moshi katikati ya chumba ni kazi ngumu na ya gharama. Isitoshe, muda mwingi wa maandalizi huishia kwenye kuosha na kukata, si mbele ya moto.

Vipimo vya kushika:

- Njia kati ya kaunta mbili: mm 1,070 kwa mpishi mmoja, mm 1,220 kama mnapika wawili.
- Nyuma ya mtu aliyeketi: mm 900 ili mwingine apenye, mm 1,120 ili apite kwa kawaida.
- Kutoka sinki hadi jiko, jiko hadi friji, friji hadi sinki: kila umbali uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla isizidi mita 7.9.
- Kila anayeketi kwenye kaunta: upana wa mm 600.
- Kaunta yenye kimo cha mm 915 itokeze mm 380 kwa ajili ya magoti. Ikiwa mm 1,065, inatosha mm 300.

Kimo cha pili, mm 1,065, kina faida moja kubwa. Ukiinua upande wa wageni mm 150 juu ya kaunta ya kazi, vyombo vichafu kwenye sinki vinajificha. Ubaya wake ni kwamba watoto wadogo hawafikii, na huwezi kukanda unga au kupanga vyakula kwenye eneo moja pana. Familia yenye watoto chini ya miaka saba ibaki na usawa mmoja.

Jambo linalosahaulika zaidi ni friji. Iweke mwishoni mwa mstari, upande wa kuingilia, na kando yake acha mm 600 za kaunta kwa glasi, maji na barafu, bilauri zikae kwenye kabati la juu ya hapo. Mgeni anajihudumia bila kukatiza njia ya mtu mwenye sufuria ya moto. Jiko linaweza kuwa na kila kitu kingine sawasawa na bado likawachosha wenyeji kwa sababu ya friji iliyowekwa kwenye kona ya ndani.

Hatua ya 3: Chagua mti mmoja, na uufuate

Joto la mwonekano wa jiko hili linatoka kwenye mbao, na mbao za aina tatu tofauti hulipoteza. Chagua mti mmoja: mjozi (walnut), mtiki (teak) au mwaloni (oak). Ukitaka sakafu ya mbao pia, iwe nyepesi kuliko makabati kwa tofauti inayoonekana wazi. Zikikaribiana bila kufanana, moja itaonekana imekosewa. Kumbuka pia kwamba rangi hubadilika kwa mwanga: mjozi hufifia kidogo miaka inavyopita, mtiki huelekea hudhurungi ya dhahabu.

Kwa milango tumia plaiwudi ya mm 18 yenye vinia ya mbao, yaani tabaka jembamba la mbao halisi, pande zote mbili. Ubao mzima wenye upana huo hutanuka na kusinyaa na hali ya hewa, na milango bapa isiyo na fremu haina cha kuuzuia usipinde.

Sasa nyuzi za mbao. Mwonekano wa mtindo huu ni nyuzi zinazokimbia kwa mlalo, mlango hadi mlango, kama ubao mmoja mrefu. Piga hesabu kabla ya kununua. Karatasi ya plaiwudi ya mm 2,440 kwa 1,220, nyuzi zikifuata urefu, inatoa ukanda mmoja wa milango minne ya mm 597 kwa 717, na kinabaki kipande cha upana wa takriban mm 500 cha kutengenezea nyuso za droo. Ukisimamisha nyuzi wima, karatasi hiyo hiyo inatoa milango sita. Kwa hiyo mlalo unakula mbao zaidi, lakini kuna njia ya kupunguza hasara: panga mstari wa makabati ya chini uwe wa mita 2.4, makabati manne ya mm 600. Hapo mstari mzima unatoka kwenye karatasi moja na nyuzi hazikatiki popote isipokuwa kwenye nafasi ya mm 3 kati ya milango. Mstari wa mita 3 utakulazimisha kufungua karatasi ya pili kwa mlango mmoja tu, na mlango huo hautafanana na wenzake.

Zikihitajika karatasi zaidi ya moja, omba zilizofuatana kutoka gogo moja. Chora nyuso zote za milango, zipe namba, na mkabidhi fundi seremala mchoro huo kabla hajawasha msumeno. Kila kipande kiandikwe namba yake kwa nyuma mara kinapokatwa. Vikishachanganyika sakafuni havirudi kwenye mpangilio wake.

Kingo zifungwe kwa ukanda wa mbao halisi wa mm 3. Ukanda mwembamba wa kubandika kwa pasi huanza kubanduka kwanza kwenye milango ya chini ya sinki na ile iliyo kando ya oveni. Kwa mtiki, futa sehemu ya kugundishwa kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi, kwani mafuta ya mti wenyewe huzuia gundi isishike.

Piga msasa namba 120, 150, kisha 180, kwa mkono na kufuata nyuzi. Vinia nyingi zina unene wa takriban mm 0.6 tu, mashine ikisimama sekunde chache mahali pamoja inafika kwenye plaiwudi, na hapo hapana dawa. Paka mafuta magumu ya nta (hardwax oil) mara mbili, safu nyembamba, ndani na nje ya mlango. Matambara yaliyolowa mafuta hayo usiyakunje wala kuyarundika: yanapokauka hutoa joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje moja moja, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Hatua ya 4: Kaunta na ukuta wa nyuma

Ukingo wa kaunta uwe mwembamba, mm 20 hivi. Ukingo mnene wa mm 40 unalemea milango bapa. Nyeupe yenye joto kidogo inafaa, iwe laminati au jiwe la kutengenezwa. Epuka nyeupe yenye ubuluu. Vigae vikipangwa kimoja juu ya kingine bila kupishana, kosa dogo linaonekana umbali wa mita tatu. Tumia vitenganishi vya mm 2, anzia katikati ya ukuta, na hakikisha vipande vya kukatwa viwili vya mwisho vinalingana.

Hatua ya 5: Taa

Mwaka 1958 mbunifu Poul Henningsen wa Denmark alitoa taa ya PH 5. Vivuli vyake vimepangwa hivi kwamba, ikining'inia mahali pake, aliyeketi mezani haoni balbu. Anaona chakula na nyuso za wenzake. Si lazima ununue taa hiyo, ila kanuni yake ishike. Kabla ya kulipia taa yoyote, keti chini yake dukani na utazame juu. Ukiiona balbu uchi, wageni nao wataiona kila wanapoinua macho.

Chini ya taa iwe mm 750 hadi 850 juu ya kaunta ya ulimi, na juu ya meza ya chakula unaweza kushuka hadi mm 600. Upana wa kivuli uwe kati ya nusu na theluthi mbili ya upana wa meza. Balbu ziwe za kelvini 2,700, yaani mwanga unaoelekea manjano, na alama ya CRI kwenye boksi (jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi) iwe 90 au zaidi; chini ya hapo mbao nyekundu huonekana za kijivu na nyama haionekani vizuri kama imeiva.

Mwombe fundi umeme aweke swichi tatu tofauti: taa za kazi chini ya makabati ya juu, taa za kuning'inia, na taa za dari. Kila moja iwe na swichi yake ya kupunguza mwanga. Chakula kikishawekwa mezani, zima za dari, punguza za kazi, na vyombo vichafu vinapotea gizani. Utepe wa taa chini ya kabati ufungwe upande wa mbele, karibu na mlango. Ukifungwa nyuma unamulika vigae na mikono ya mpishi inabaki kwenye kivuli.

Hatua ya 6: Moshi

Jiko lililo wazi linapeleka harufu hadi kwenye makochi. Kofia ya moshi ipite upana wa jiko kwa mm 75 kila upande, ikae mm 650 hadi 750 juu ya moto wa gesi, na bomba lake liwe laini kwa ndani bila mikunjo, kipenyo mm 150, lenye kona chache, likitoka nje kabisa. Kulipunguza bomba hadi mm 100 njiani ndiyo sababu ya kelele nyingi zinazolaumiwa kwenye feni.

Hatua ya 7: Rangi na viti

Rangi moja yenye nguvu, haradali au kijani cha zeituni, inatosha, na iwe kwenye kitu kinachobadilishika: viti, au mlango wa kabati moja. Stuli zikae mm 250 hadi 300 chini ya kaunta. Ukiwa na nafasi ya meza, chagua ya duara ya mm 1,200 yenye mguu mmoja katikati, kama ile ya mbunifu Eero Saarinen ya 1957. Mtu wa tano anaongezeka bila goti la mtu kugonga mguu wa meza.

Maswali ya wanachama

*Swali: Habari fundi. Jiko langu ni mita 2.4 kwa 3 na ukuta wa sebuleni siwezi kuubomoa wote. Nifanyeje?*

Fungua dirisha la kupitishia chakula lenye upana wa mm 1,200, kizingiti chake kikiwa usawa wa kaunta, na uhamishie sinki chini yake. Upande wa sebuleni weka ubao wa mm 300 wenye stuli mbili. Kabla ya kutoboa, mhandisi athibitishe kama ukuta unabeba mzigo wa juu; kwa vyovyote uwazi huo unahitaji linta, yaani boriti ya kubeba ukuta ulio juu yake.

*Swali: Milango yangu miwili imepinda kwa juu baada ya miezi miwili. Vinia ni nzuri, bawaba ni nzuri. Kosa ni nini?*

Itoe uitazame kwa nyuma. Mara nyingi upande wa nyuma haukuwekewa vinia, au haukupakwa mafuta, kwa hiyo unavuta na kutoa unyevu kwa kasi tofauti na wa mbele. Kama haukupakwa tu, upake mara mbili, laza mlango juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite pande zote, na usubiri wiki mbili. Mpindo wa mm 2 utaumaliza kwa kurekebisha bawaba. Kama vinia ya nyuma haipo, mlango huo utengenezwe upya.

*Swali: Fundi, mwaloni kando ya sinki umeweka madoa meusi. Nimesugua hayatoki. Ni ukungu?*

Kama yalianza pale unapoacha kopo au sufuria ya chuma iliyolowa, ni chuma kilichokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mwaloni. Kusugua hakusaidii kwa kuwa doa limeingia ndani. Ondoa mafuta ya juu kwa msasa mwepesi, kisha paka asidi ya oksaliki, gramu 50 kwa lita 1 ya maji ya moto, ukivaa glavu na miwani. Ni sumu, na vumbi lake likikauka lisivutwe puani. Iache dakika 20, futa kwa maji safi mara tatu, kausha siku mbili, paka mafuta upya. Kwenye vinia tumia brashi yenye unyevu tu, usimwagie.

*Swali: Nyumba ni ya zamani, na chini ya zulia la plastiki nimekuta vigae vya mraba vya mm 230 vilivyobandikwa kwa gundi nyeusi. Nivikwangue kabla ya kuweka sakafu mpya?*

Hapana, simamisha kazi. Vigae vya ukubwa huo vya enzi hizo, na gundi nyeusi ya chini yake, huwa na asbesto mara nyingi, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Usikwangue, usipige msasa, usifagie vumbi likiwa kavu. Peleka sampuli maabara, na anayeichukua awe mtu mwenye mafunzo ya kazi hiyo. Vikithibitika na viko imara, kwa kawaida ni salama zaidi kuviacha vilivyo na kulaza plaiwudi ya kubandikwa juu yake. Hapo pima upya kimo cha makabati na nafasi ya chini ya milango, kwa sababu sakafu itakuwa imepanda.