Jinsi ya kumlisha rafiki wa pwani akija Iringa

Rafiki yako anakuja toka Tanga au Zanzibar, ni Muislamu, na we maisha yako ni kitimoto (nyama ya nguruwe) na ulanzi, ile pombe ya mwanzi, sa usianze kupaniki. Muulize kabla hajapanda basi anakula nini na hali nini, muulize wazi tu, hawezi kukasirika.

Kitimoto iache kabisa siku hizo, na usimpikie kwenye sufuria ileile eti umeisuuza, nunua nyingine ndogo. Kuku mwache achinje mwenyewe, nyama ya buchani ulizia nani kachinja.

Ulanzi ndo kuna shughuli. Huku kikombe kinazunguka, ukikataa wengine wanaona unaringa, kwaiyo wape washkaji taarifa mapema kuwa jamaa hanywi, asianze kujieleza mbele za watu. Alafu ile ya kusema "huu wa asubuhi mtamu tu, hauna kitu" acha, maana yale maji ya mwanzi yanaanza kuchacha palepale yanapokingiwa, na yakilala mpaka kesho ndo balaa, we mwenyewe unajua. Mpe chai ya maziwa ya moto yenye tangawizi, kwa baridi ya Juni na Julai hiyo ndo heshima yenyewe.

Ugali na mboga za majani atakula, ila mtafutie na mchele wa Kyela, na nazi hata kama sokoni bei imechangamka. Akitaka kupika mwenyewe mwachie jiko, we kaa kwenye mbuzi ukune nazi.